Lango Kabla ya Rangi

Septemba 2021 Emma Raducanu, binti Mwingereza mcheza tenisi wa miaka 18, alitwaa US Open akianzia kwenye mechi za mchujo. Mwezi uliofuata serikali ya Uingereza ikatangaza fedha za kufufua viwanja vya tenisi vilivyo kwenye bustani za umma. Siasa ya tarehe hizo mbili nawaachia wanaoipenda. Mimi nilivutiwa na hesabu.

Serikali ilitoa karibu pauni milioni 22, na mfuko wa hisani wa chama cha tenisi cha huko, LTA, ukaongeza milioni 8 na ushee. Fedha hizo zilitakiwa kutengeneza viwanja zaidi ya 3,000 katika England, Scotland na Wales. Ukigawanya unapata kama pauni 10,000 kwa kiwanja. Kiwanja cha kuchezea watu wa kawaida, ukijumlisha nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni, kina urefu wa mita 34.75 na upana wa mita 17.07, yaani takriban mita za mraba 593. Basi kila mita ya mraba imetengewa pauni 17 hivi, na ndani ya hizo 17 mna wavu, nguzo, uzio, lango na malipo ya mkandarasi. Kwa fedha hiyo huchimbi kiwanja upya. Unakiosha, unaziba nyufa, unapaka rangi, unaondoka. Kwa hiyo swali la kwanza la mpango mzima lilikuwa kipi bado kinaponyeka.

Jibu liko kwenye maji. Viwanja vingi vya bustani za Uingereza ni vya lami inayopitisha maji: kokoto ndogo zimeshikanishwa na lami lakini zimeachiwa matundu, mvua inazama hadi kwenye tabaka la mawe chini. Mwaga ndoo ya maji katikati ya kiwanja kilicho kizima, yatapotea kama umemwaga mchangani. Mwaga kwenye kiwanja kilichokaa miaka chini ya miti bila kufagiwa, yatakaa yakikutazama. Majani yameoza, vumbi limeingia kwenye matundu, ukoga wa kijani umeota upande wa kivuli, na mchezaji anateleza. Ukipaka rangi juu ya uchafu huo umeyafungia maji ndani, na baridi ikija yanaganda, yanatanuka, yanapasua lami. Rangi mpya inageuka kuwa gharama ya kuharibu. Ndiyo maana kazi ya maana kuliko zote hapo ni ile isiyopigwa picha na mtu: mashine ya maji ya presha ikipita polepole, mstari baada ya mstari.

Kwenye viwanja visivyopitisha maji, vya zege au lami iliyozibwa kwa akriliki kama vilivyo vingi kwetu Afrika Mashariki, kazi yote inaangukia mteremko. Asilimia moja inatosha, yaani sentimita 17 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, pungufu ya shibiri. Mchezaji haihisi, maji yanaihisi. Uwe mteremko wa upande mmoja tu. Ukiinua katikati kwenye wavu ukashusha huku na huku, umewapa wachezaji mgongo wa tembo. Wamarekani wana kipimo chepesi cha mashimo yanayobaki: lowesha kiwanja chote, subiri saa moja ya jua, kisha laza sarafu ya senti tano kwenye kidimbwi. Maji yakiifunika, hapo pana shimo la kujazwa kabla ya rangi. Kidimbwi cha milimita mbili ni kidogo kwa jicho, lakini mpira ukikiangukia haudundi unavyotakiwa.

Lipo jambo moja ambalo hakuna fedha ya ukarabati inayolirekebisha, nalo ni mwelekeo. Kiwanja kinapaswa kulala kaskazini hadi kusini. Sisi tulio karibu na ikweta tungelijua hili kuliko wote, maana kwetu jua huchomoza na kuzama karibu mstari ule ule mwaka mzima. Kiwanja kilicholazwa mashariki hadi magharibi kinampofusha mpiga sevu kila asubuhi na kila jioni, saa zile zile watu wanapopata nafasi ya kucheza.

Sasa lango. Nilipolikuta kwenye mpango huo mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Mtu anaweka nafasi kwenye simu, anapata namba ya siri, anaibonyeza kwenye kitasa, mlango unamfungukia kwa saa yake. Kumbe hapo ndipo mpango ulipoegemea. Kiwanja kilicho wazi saa zote hakina mwenyewe: mpira wa miguu wa jioni unang'ang'ania wavu, mbwa anafunguliwa humo kwa sababu kuna uzio, na mtu aliyetembea nusu saa na raketi hajui kama atapata nafasi. Kwa lango lile halmashauri inajua kiwanja kimetumika saa ngapi, na ikiamua kutoza inatoza bila kuajiri mlinzi wa kukaa na kitabu cha risiti. Kinachokusanywa kinakwenda kwenye akiba ya kupaka rangi na kuosha miaka ijayo. LTA iliisisitiza hoja hiyo mapema: mpango wa matunzo uje pamoja na fedha za ukarabati, usije baada yake.

Malalamiko yalikuwepo, na sioni kuwa ni ya kubeza. Kitu kilichokuwa bure kikaanza kulipiwa sehemu kadhaa, na mzee asiye na simu ya intaneti akasimama nje ya uzio. Zipo halmashauri zilizoamua kutotoza, zipo zilizoweka tiketi ya familia ya mwaka mzima, na vipindi vya bure vya kila wiki vikaandaliwa, raketi zikiazimwa hapo hapo. Vipindi hivyo navihesabu kuwa kazi ya ufundi kama lami, kwa sababu kiwanja kisichokanyagwa huota ukoga upesi zaidi.

Ratiba nayo iliamuliwa na hali ya hewa. Rangi ya akriliki haikauki vizuri kwenye baridi na unyevu, basi mafundi hupaka kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzo wa vuli. Halmashauri iliyochelewa kusaini mkataba hadi Agosti ilikuwa imeshapoteza mwaka. Rangi ya kiwanja cha bustani hukaa miaka mitano hadi minane ikiwa kinaoshwa, kwa hiyo viwanja vilivyofunguliwa 2023 vitadai rangi mpya kati ya 2028 na 2031, na safari hiyo bili itakwenda moja kwa moja kwenye ile akiba ya langoni.