Wastani Mmoja, Maana Tatu: Uhakiki wa Ufundishaji wa Msamiati wa Awali wa Takwimu Elezi kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika kipindi kifupi Kiswahili kimepata vyeo vingi. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi. Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi, na Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi. Lakini cheo huja na kazi yake. Lugha ya serikali ni lugha ya bajeti, ya sensa na ya tathmini ya miradi, na nyaraka hizo huzungumza kwa namba. Makala haya yanahoji kama namna tunavyofundisha maneno ya mwanzo ya takwimu inamwezesha msomaji wa Kiswahili kuzielewa namba hizo.

Takwimu elezi ni ile sehemu ya takwimu inayofupisha data zilizokusanywa bila kudai lolote kuhusu yaliyo nje yake. Msamiati wake wa awali ni mdogo: wastani, thamani ya katikati, modi, marudio, mtawanyiko, asilimia. Kwa kuwa ni mdogo, huchukuliwa kuwa mwepesi. Hoja yetu ni kwamba ugumu wake hautokani na uhaba wa maneno. Unatokana na wingi wa kazi ambazo maneno hayo tayari yanazifanya katika lugha ya kila siku. Orodha ya istilahi inayompa mwanafunzi neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili huuficha ugumu huo badala ya kuutatua.

2. Mzigo wa neno wastani

Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia ngazi hiyo tangu 1967, hukutana na wastani kama kanuni: jumlisha, kisha gawanya kwa idadi. Akiingia sekondari, somo hilohilo linaendelea kwa Kiingereza, na dhana zinazofuata hazipati jina la Kiswahili akilini mwake. Kwa jirani zake hali ni ngumu zaidi. Hisabati katika madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza nchini Kenya na Uganda, na kwa Kifaransa nchini Burundi. Matokeo yake ni kwamba neno moja tu la takwimu elezi ndilo lenye mizizi ya shule katika Kiswahili, nalo hulazimika kubeba yote.

Linabeba angalau maana tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kanuni. Ya pili ni ya asili: neno hili limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kati, hivyo msikilizaji husikia ndani yake kitu kilichopo katikati. Ya tatu ni ya mazungumzo: mtu wa kimo cha wastani au ufaulu wa wastani ni kile kilicho cha kawaida, si kikubwa wala si kidogo. Kiarabu chenyewe hutofautisha dhana mbili za kwanza kwa kuunyambua mzizi uleule katika maumbo mawili. Sisi tulikopa umbo moja, tukaliacha lifanye kazi zote.

Tuchukue kijiji cha kufikirika chenye kaya saba. Mapato yao ya mwezi, kwa maelfu ya shilingi, ni 60, 60, 80, 90, 110, 150 na 1,200. Jumla ni 1,750, na wastani ni 250. Kaya iliyo katikati ya mpangilio ina 90, na pato linalojirudia zaidi ni 60. Sasa tuseme ruzuku ya pembejeo hutolewa kwa kijiji ambacho pato lake la wastani halifiki 200. Kwa maana ya kanuni kijiji hiki hakistahili. Kwa maana ya pili na ya tatu, ambazo ndizo mjumbe wa kamati anazozisikia, tumemwambia kwamba kaya ya kawaida hapa inapata 250, ilhali kaya sita kati ya saba hazifikii hata 200. Hakuna aliyekosea hesabu. Kosa limefanyika katika neno, na watakaolilipia ni wakulima waliokosa mbolea.

3. Kati na kukithiri: mitego miwili

Wapo wanaopendekeza kwamba kipimo cha pili kiitwe kati. Pendekezo hili linasahau kwamba neno hilo limekwisha kutwaliwa na siasa ya uchumi. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la chini la nchi za kipato cha kati, na kirai uchumi wa kati kikaenea kila mahali. Kati ya kirai hicho ni daraja katika ngazi ya mataifa, na kipimo kinachotumika kupanga ngazi hiyo ni pato ghafi la taifa likigawanywa kwa idadi ya watu, yaani wastani. Tukiita kipimo kingine kati bila tahadhari, tutakuwa na kati inayopimwa kwa wastani na wastani unaosikika kama kati. Thamani ya katikati ni kirai kirefu, lakini kinamwonyesha msomaji mahali pa kutazama.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Thamani inayotokea mara nyingi kuliko nyingine imewahi kuelezwa kwa kitenzi kukithiri. Kisarufi hakuna tatizo, kwa kuwa kukithiri ni kuwa kwingi. Lakini katika hati za maendeleo, umaskini uliokithiri si umaskini ulioenea kuliko mwingine. Ni umaskini wa kupindukia. Mshauri wa sera akisoma pato lililokithiri atafikiria kaya ya 1,200, ilhali mwandishi anakusudia zile mbili za 60. Istilahi inayoweza kumpeleka msomaji kwenye ncha iliyo kinyume kabisa haifai, hata kama ni ya kwetu. Hapa neno la mkopo modi ni salama zaidi, kwa sababu halina historia ya kumpotosha mtu.

4. Mtawanyiko na asilimia

Tukifikiria kijiji cha pili ambamo kila kaya ina 250, wastani wake ni sawa na wa kijiji cha kwanza. Kinachovitofautisha ni mtawanyiko, na hapa ndipo masomo mengi ya awali hukomea njiani. Kipimo chake maarufu huitwa mkengeuko sanifu na baadhi ya waandishi, na wengine mchepuko sanifu. Majina yote mawili yana lawama ndani yake. Aliyekengeuka ameiacha njia njema. Na mchepuko, katika mazungumzo ya mitaani leo, ni mpenzi wa nje ya ndoa. Mwanafunzi anayecheka darasani si mtovu wa adabu, amesikia kilichosemwa. Hatari iliyopo ni kwamba atajifunza kuona kutofautiana kwa data kama kasoro ya kusafishwa, wakati ndiko kunakoonyesha nani ameachwa nyuma. Tunashauri somo lianze na mtawanyiko, neno lisilo na hukumu, na majina ya vipimo yafuate baadaye.

Vivyo hivyo kwa marudio. Wanaotumia masafa kwa dhana hii wanakumbuka redio. Msafiri yeye atasikia umbali. Idadi ya marudio haihitaji maelezo.

Asilimia ina kasoro ya aina nyingine. Riba ikipanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6, tunaweza kusema imepanda kwa asilimia 2 au kwa asilimia 50, na mara nyingi hatusemi ni kwa kipimo kipi. Kirai alama za asilimia kinatatua jambo hili: riba imepanda kwa alama mbili za asilimia, ambazo ni asilimia 50 ya kiwango cha awali. Mwandishi wa taarifa anayeliacha neno alama humwachia msomaji achague ukubwa wa habari.

5. Kutoka orodha kwenda swali

Inaweza kudaiwa kwamba dawa ni kukopa istilahi zote kama zilivyo. Hatukubaliani. Wastani umeshapandwa na shule, na kuung'oa ni kupoteza neno pekee ambalo raia anaweza kulitumia kuihoji serikali yake. Kigezo tunachokipendekeza ni chepesi: neno lenye asili nyumbani libaki pale linapoelekeza, na mkopo utumike pale neno la nyumbani linapopotosha.

La muhimu zaidi ni kwamba maneno haya yafundishwe kwa pamoja, juu ya data zilezile, na kila moja lizaliwe na swali lake. Tukigawana sawasawa, kila mmoja atapata kiasi gani? Huo ni wastani. Tukipanga foleni kuanzia mwenye kidogo, nani atasimama katikati? Hiyo ni thamani ya katikati. Ni thamani ipi tunayokutana nayo mara nyingi zaidi? Hiyo ni modi. Na je, tumeachana kwa umbali gani? Huo ni mtawanyiko. Mwanafunzi wa Kigali au Kampala asiyewahi kusoma hesabu kwa Kiswahili anaweza kuyajibu maswali haya kabla ya kuyajua majina. Pia ataelewa kwa nini Sensa ya 2022 ya Tanzania inaweza kutaja wastani wa watu 4.3 katika kaya bila kuwapo kaya yenye watu 4.3: ni mgawo, si maelezo ya nyumba ya mtu yeyote.

6. Hitimisho

Vyombo vya kusanifisha istilahi, likiwemo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vinaweza kuafikiana juu ya maneno haya machache bila gharama kubwa. Lakini makubaliano hayo hayatatosha iwapo yataishia kwenye safu mbili za orodha. Tunapendekeza kila istilahi ya takwimu iambatane na swali inalolijibu na onyo kuhusu maana ya mtaani inayoweza kuivuruga. Kwa waandaaji wa taarifa za sera, ombi letu ni moja: palipo na pato la wastani, paandikwe pia thamani ya katikati. Nafasi itakayotumika kwenye ukurasa ni ndogo, na kaya sita kati ya saba zitakuwa zimeonekana.