Elimu, Falsafa, au Hekima ya Sheria?

Liko neno moja la wanasheria ambalo limetusumbua siku nyingi, nasi twaona yafaa kulipima mbele ya wasomaji wetu, kwa maana kosa la tafsiri yake haliwadhuru wenye vitabu peke yao. Neno hilo ni jurisprudensia. Asili yake ni Kilatini, nalo limeungwa kwa maneno mawili: la kwanza lahusu sheria na haki, la pili ni busara ya mtu aonaye mbele. Ulpianus, mwanasheria wa Warumi wa karne ya 3, aliliona kuwa ni ujuzi unaogusa mambo ya mbinguni na ya duniani pia, na kazi yake ni kupambanua haki na dhuluma. Maelezo yake yakatiwa katika kitabu cha wanafunzi wa sheria kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533.

Tangu siku hizo neno limesafiri, na katika safari limebadilika. Kwa Wafaransa maana yake hasa ni hukumu zilizokwisha kukatwa na mahakama, ziwe kielelezo kwa hukumu zijazo. Na wanasheria wa Kongo na Burundi, ambao husoma sheria kwa Kifaransa, hulitumia vivyo hivyo. Kwa Waingereza limekuwa jina la elimu iulizayo sheria ni kitu gani, imetoka wapi, na kwa nini mtu aitii. John Austin, aliyefundisha London, alitoa kitabu mwaka 1832 akisema kwamba sheria hasa ni amri ya mtawala, yenye tisho la adhabu nyuma yake. Basi mwanasheria wa Nairobi na mwenzake wa Bujumbura waweza kutamka neno moja, na kila mmoja akawaza habari nyingine.

Katika Kiswahili twakuta tafsiri tatu. Wako wasemao elimu ya sheria. Tafsiri hii ni pana mno, maana hata karani aliyejifunza kuandika hati ya shamba anayo elimu ya sheria. Vyuo hupenda falsafa ya sheria, wala hatusemi kwamba ni kosa. Illa neno falsafa likifika kijijini husikika kama maongezi ya watu wasio na jembe. Mwambie mzee wa baraza kwamba yeye ana falsafa ya sheria, naye atadhani wamcheka. Wengine wataka kuazima fiqhi, ambalo asili yake katika Kiarabu ni kufahamu. Ni neno zuri, lakini lina wenyewe: ndugu zetu Waislamu wanalo tangu zamani kwa elimu ya sheria ya dini yao, na kulipeleka katika mahakama za serikali ni kuwachanganya watu bure.

Sisi twapendelea hekima ya sheria. Kwanza, lugha yenyewe yatusaidia, kwa kuwa hakimu, hukumu na hekima ni matawi ya shina moja la Kiarabu. Twajua watakaojibu kwamba hekima ni kipawa, haiwezi kufanyiwa mtihani. Na wajibu hivyo. Hata uganga ulio mwema wahitaji kipawa, nao hufundishwa.

Lakini sababu iliyo nzito ni kwamba jina hili laonyesha kazi yenyewe, na kazi hiyo wasomaji wetu waijua tangu shule ya Jumapili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na Eleazari kuhani na wakuu na mkutano wote. Baba yao amekufa jangwani, hana mwana wa kiume. Je, jina lake litoweke kwa sababu hiyo, nao wasipewe fungu pamoja na ndugu za baba yao? Angalieni Musa alivyofanya. Hakusema, “Desturi ni desturi.” Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, akajibiwa kwamba mabinti wamesema haki, na shauri la nyumba moja likawa sheria ya Israeli yote. Wala habari haikuishia pale. Katika sura ya 36 wakaja wazee wa Gileadi wakiogopa kwamba mabinti wakiolewa katika kabila nyingine, nchi nayo itahama. Neno lao nalo lilisikiwa: mabinti waliambiwa waolewe na wampendaye, mradi awe wa kabila ya baba yao. Urithi wao haukuondolewa.

Hofu ile ya wazee wa Gileadi haijatoka duniani. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa Tanzania mwaka 1963, mwanamke wa Kihaya aliweza kutumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila kuliuza hakuruhusiwa. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000, na mwana wa ndugu yake akamshitaki. Shauri lilipanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akakata kwamba kanuni ile yapingana na haki zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Twapenda zaidi alivyoishika hofu ya ukoo. Mila ilikuwa imewapa watu wa ukoo nafasi ya kulikomboa shamba lililouzwa na mwanamume kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Jaji aliiacha nafasi hiyo, akasema sasa ni kwa wote, auzaye akiwa mume au mke.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu hiyo hiyo, ikiketi Dar es Salaam, ililetewa shauri la wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa urithi wa waume zao kwa kanuni za mwaka 1963. Mahakama ilikiri kwamba kanuni zile zawabagua wanawake. Hata hivyo haikuzifuta, ikasema mila haibadiliki kwa kalamu ya jaji, na kwamba kazi hiyo ni ya halmashauri za wilaya.

Katiba ilikuwa ile ile. Kwa maana ya Kifaransa, hukumu zote mbili ni jurisprudensia, nazo zakaa rafuni bega kwa bega. Kwa maana ya Austin twaambiwa tumtafute mtawala na amri yake. Ni ile maana ya kale pekee ituruhusuyo kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyopambanua haki na dhuluma. Nasi, kwa upande wetu, twaichagua ya Mwanza. Wale wajane walipeleka shauri lao mbele zaidi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake ilisema kwamba Tanzania haikuitimiza ahadi yake kwao.