Upepo Usiosikika

Kabla hajafungua hata skrubu moja, fundi aliomba dirisha lifungwe na pangaboi lizimwe. Tulikuwa Magomeni, Dar es Salaam, alasiri ya Februari, na haikupita dakika tano sote tukawa tunavuja jasho. Dada mwenye chumba hicho hurekodi hadithi za kusikiliza, na kompyuta yake ya mezani ilikaa hatua mbili tu kutoka kwenye maikrofoni. Kila sentensi aliyoisoma iliburuta mvumo nyuma yake. Fundi akainama karibu na kasha, akafumba macho, akasikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikaanza kusikiliza na mimi, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba mvumo ule haukuwa sauti moja. Kulikuwa na ngurumo ya chini, mluzi mwembamba juu yake, na katikati kitu kilichokuja na kuondoka, kama mtu anayepumua.

Akavitaja kimoja kimoja. Ngurumo ni bati la kasha linalotetemeka pamoja na feni iliyofungwa kwa skrubu za chuma. Mluzi ni upepo unaopasuka kwenye wavu wa matundu madogo. Na kile kinachopumua ni feni mbili zinazokaribiana kasi bila kulingana. Feni yenye mapanga 9 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 150. Mwenzake ikizunguka mara 1,020 hutoa hezi 153. Na sikio linaisikia ile tofauti ya 3 kama wimbi linalopanda na kushuka mara tatu kila sekunde. Sauti inayotulia masikio huizoea. Inayopandapanda hairuhusu mtu kuisahau.

Ndipo akachukua karatasi na kalamu. Feni ikipunguzwa kasi hadi nusu, upepo nao unakuwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli kama 15, na kwa kawaida desibeli 10 zinatosha sikio kuhisi kelele imepungua nusu. Ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele inapanda kwa desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili za mwendo wa nusu, mahali pasipo na kizuizi, hutoa upepo ule ule wa feni moja ya mwendo kamili, kwa kelele iliyopungua desibeli 12 hivi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, wazee walisema. Fundi huyu aliithibitisha methali hiyo kwa tarakimu. Kwa sababu hiyo hiyo alichagua feni za milimita 140 kwa upande wa mbele badala ya 120, maana eneo lake linazidi kwa zaidi ya theluthi moja, na panga refu halina haja ya kukimbia.

Lakini upole una gharama yake, na hapo ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Kasi ikishuka hadi nusu, presha haishuki hadi nusu. Inashuka hadi robo. Upepo wa polepole unatosha uwanjani, ila ukikutana na chujio la vumbi au mapezi yaliyobanana ya hitisinki, kile kipoza-joto cha prosesa, unakata tamaa. Mwenye pupa huongeza kasi na kelele inarudi. Fundi anaondoa vizuizi kwanza, kisha anatafuta feni inayojua kusukuma bila kukimbia.

Kwa hitisinki ya prosesa alikuwa na feni moja ya milimita 120, NF-A12x25, ya kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoingia sokoni mwaka 2018 na rangi zake za kahawia na krimu. Alinipa niishike. Kati ya ncha za mapanga na fremu mna nafasi ya nusu milimita. Upepo ukishasukumwa mbele hutafuta upenyo wa kurudi nyuma kupitia kwenye ncha hizo, na nafasi ikiwa finyu, unaorudi ni mchache. Ugumu ni kwamba plastiki ya kawaida, ikizungushwa miaka mingi ndani ya joto, hurefuka kidogo kidogo, na siku moja mapanga yangeikwaruza fremu. Wahandisi wakatumia polima ngumu ya fuwele-kioevu, na kitovu kilichotiwa chuma. Nikaitazama ile nusu milimita nikawaza ni watu wangapi walikaa mezani kuitetea.

Hata hivyo hakuiamini kwa jina lake. Kila feni aliiwasha mkononi, akaisikiliza ikiwa imesimama, imelala chali, imelala kifudifudi, kwa sababu beringi ikikaa tofauti huweza kusema mengine. Beringi ya goroli hudumu, ila ikizeeka hulalamika. Beringi ya bushi ya kawaida huanza kimya, kisha mafuta yake yakikauka kwa joto huanza kukereza. Alizotaka yeye ni zile ambazo mhimili wake huelea juu ya utando wa mafuta. Akapandisha kasi hatua kwa hatua, kutoka mizunguko 400 hadi 1,200, akaandika kila kasi iliyofanya bati liitikie. Kasi hizo aliziruka baadaye katika mipangilio.

Kufunga kulikuwa kwepesi: vishikizo vya mpira badala ya skrubu, wavu wa nyuma umekatwa kabisa, mbele feni mbili za kuingiza, nyuma moja ya kutoa. Upepo unaoingia ukizidi kidogo unaotoka, hewa hupenya nje kwenye mianya, na vumbi la mtaani hulazimika kupita kwenye chujio. Kisha akaifundisha mashine subira. Joto la prosesa huruka ndani ya sekunde moja, lakini hitisinki huchukua muda kupata moto. Akaweka ucheleweshaji wa sekunde kadhaa ili feni zisishtuke kwa kila mruko. Wala hakutaka baridi isiyohitajika. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya hapo, na prosesa inayofanya kazi kwa nyuzi 70 haiumwi. Kila nyuzi aliyokubali iongezeke aliibadilisha kwa ukimya.

Mwisho akaomba kijiti cha udi. Akakiwasha, akakisogeza mbele ya kasha. Moshi uliokuwa ukipanda wima ukapinda, ukaingia kwenye chujio kama uzi unaovutwa, na baada ya kitambo ukatokea nyuma, umetawanyika, ukielekea dirishani. Nilitega sikio. Nilisikia pikipiki barabarani, mtoto wa jirani, pumzi zangu mwenyewe. Dada akavaa hedifoni, akafungua kitabu, akasoma sentensi ya kwanza. Aliponyamaza kwenye nukta, nyuma yake hapakufuata kitu.