Hitma, Shairi na Neno "Ajali": Kumbukumbu ya Mtongwe Kisiwani Mombasa

Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka katika maji ya Kilindini, si mbali na gati, ikiwa imejaza watu wapatao 400. Waliokufa ni 272. Walikuwa wakivuka kuja kisiwani Mombasa, kama wavukavyo maelfu kila siku kufuata riziki zao. Katika makala haya nakusudia kuitazama kumbukumbu ya msiba huo kwa jicho la mhakiki. Maana mtu wa kawaida, asiyepanda jukwaani wala kualikwa kuweka shada la maua, huikumbuka siku kwa maneno, na maneno hayo yana fani zake.

Fani inayomjia kwanza mwanafunzi wa fasihi ni shairi la kumbukumbu, kama tulivyolizoea katika kurasa za mashairi za magazeti na katika vipindi vya redio. Shairi hili lina desturi yake. Ubeti wa kwanza humtaja Mola na kuomba idhini. Wa pili hutaja tarehe. Zinazofuata huhimiza subira. Na kaditama hutaja jina la mtunzi na mtaa wake. Vina havina dosari, mizani imetimia. Lakini maji hayamo. Gati halimo. Hamna hata mtu mmoja aliyekuwa na kikapu mkononi. Ondoa jina la Mtongwe utie la Bukoba, meli iliyozama katika Ziwa Viktoria mwezi Mei 1996, na shairi litasimama vile vile. Hata mizani haitatikisika, kwa kuwa majina yote mawili yana mizani tatu. Sisemi hivi kwa dhihaka, maana watunzi hawa wana uchungu wa kweli. Nasema kwamba fani waliyoichagua haikuwasaidia kuutoa. Muyaka bin Haji (1776–1840), aliyetunga katika mji huu huu wakati wa vita vya Mazrui na Seyyid Said, alitunga kwa namna ambayo asiyejua nani anasemwa na kwa lipi hupotea njiani. Shairi lake haliwezi kuhamishiwa mji mwingine. Shairi letu la kumbukumbu limeandaliwa, tangu mwanzo, lihamishike.

Basi kumbukumbu yenyewe iko wapi? Mimi naiona zaidi katika hitma. Nazungumzia hitma ya Mji wa Kale kwa kuwa ndiyo niijuayo, ingawa najua vyema kwamba marehemu wa Mtongwe walikuwa watu wa dini na makabila mbalimbali, na kwamba misa na ibada za makanisani zinahitaji mhakiki wao.

Wahakiki wetu wameiachia hitma wanavyuoni, wakidhani si fasihi. Hebu tuitazame. Msahafu huletwa umegawanywa juzuu 30, kila juzuu na jalada lake. Wanaume huketi mikekani, msikitini au barazani, wanawake ndani. Kila mmoja huchukua juzuu yake, na wote husoma kwa wakati mmoja. Kitabu kizima hukamilika kwa muda mfupi, lakini hakuna aliyekisikia kwa mfuatano wake. Ni utendaji usio na hadhira, kwa sababu aliyehudhuria ni msomaji. Kinachosikika ni mvumo tu. Nadharia zetu za fasihi simulizi, zilizozoea fanani mmoja na wasikilizaji wamemzunguka, hazina mahali pa kuuweka mvumo huu.

Kisha huja dua. Imamu huomba kwa Kiarabu, na watu huitikia "Amin". Katikati ya Kiarabu hicho pameachwa nafasi, na hapo ndipo hutiwa majina, fulani bin fulani, aliyoandikiwa kwenye kipande cha karatasi au kunong'onezwa na mwenye nyumba. Ni pahali pamoja tu ambapo fani hii kongwe hubadilika, nami nadiriki kusema kwamba sanaa yake yote imeelekezwa hapo. Kile ambacho shairi la kumbukumbu halikifanyi, hitma hukifanya: humtaja mtu kwa jina na kwa jina la babake.

Lakini hitma nayo ina mpaka wake. Imamu hawezi kuwataja 272. Huwataja wa nyumba ile, kisha huwakusanya waliobaki katika "na wote walioghariki". Msiba wa nchi hugawanyika kama juzuu, kila nyumba na sehemu yake. Hata siku hugawanyika. Kwa hesabu ya mwezi, feri ilizama katika Mfunguo Pili 1414. Mwaka wa mwezi hupungua siku kumi na moja hivi, hata ilipofika 29 Aprili 2024, miaka 30 kamili kwa kalenda ya serikali, mwezi ulikuwa bado ni Mfunguo Mosi wa 1445. Nyumba ifuatayo mwezi na nyumba ifuatayo jua huomboleza maiti wa siku moja katika siku mbili. (Naacha kando wanavyuoni wasemao kwamba hitma ya kila mwaka ni bidaa. Ubishi huo ni wa zamani hapa Mombasa, na si kazi ya makala haya kuuamua.)

Baada ya dua hutolewa kahawa na halua, na marashi hunyunyizwa. Mtafiti wengi wao hapo huzima mtambo wake wa kunasia sauti, kwa kuwa "matini" imekwisha. Hapo ndipo watu huanza kusema. Neno linalosemwa mara nyingi ni "ajali", na neno hili lataka uangalifu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni muda uliowekwa, saa ya mtu ambayo haisogezwi. Kiswahili kimeitunza maana hiyo na kuongeza ile ya gari kugongana na chombo kupinduka. Aisemaye "ajali ya Mtongwe" barazani husema mambo mawili kwa mpigo: kwamba saa yao ilifika, na kwamba chombo kilijazwa kupita kiasi. Mzee mmoja huegemea maana ya kwanza, kijana aliye karibu naye ya pili, nao hawahitilafiani kwa kuwa neno ni moja. Taarifa rasmi nazo hulitumia neno hilo hilo, na ndani yake aliyepaswa kuhesabu abiria hupata pa kujificha.

Mombasa husemwa pia "walikufa maji". Sarufi ya msemo huu ni ile ya "kufa njaa" na "kufa kiu": nomino hufuata kitenzi bila kiunganishi, nayo hutaja kilichoua. Yaliyoua, kwa sarufi hiyo, ni maji. Nimewasikia wazee wa barazani wakiisema hivyo, kisha, kabla ya kikombe cha pili, wakauliza feri ile ilikuwa ya kubeba watu wangapi.