Kwa nini sabufa huvuma kabla simu haijaita

Weka simu ya kitochi karibu na sabufa katika nyumba yoyote, iwe Dodoma mjini au kijijini Bahi, na mara nyingi utasikia mvumo wa kukatikakatika kabla simu haijaita. Lawama huangukia redio iliyomo ndani ya sabufa, kwamba inashika vibaya. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Zungusha stesheni za FM kutoka mwanzo hadi mwisho, mvumo ni ule ule. Punguza sauti hadi sifuri, na katika sabufa nyingi bado unasikika. Kelele isiyojali stesheni wala kitufe cha sauti haikupitia sehemu ya kupokea matangazo. Imeingia moja kwa moja kwenye amplifaya.

Asili yake ni uamuzi wa wahandisi wa Ulaya waliobuni GSM, mfumo wa simu za mkononi ambao kitochi hutumia, kazi iliyoanza mwaka 1982. Ili simu nyingi zitumie chaneli moja, waligawa muda: simu nane hupokezana, kila moja ikirusha mawimbi kwa milisekunde 0.577 tu, na zamu yake hurudi baada ya milisekunde 4.615. Maana yake simu huwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe, ya megahezi 900, sikio haliyafikii, lakini mapigo 217 kwa sekunde yamo kabisa ndani ya uwezo wake. Urefu wa wimbi hilo ni kama sentimita 33, na robo yake ni sentimita 8, kadiri ya vipande vya waya vilivyomo ndani ya sabufa. Waya unageuka antena, transista inaondoa mawimbi na kubakiza mapigo, kisha amplifaya inayakuza kama inavyokuza muziki. Mvumo husikika kabla mwenye simu hajajua kuwa anapigiwa, kwa sababu simu na mnara huanza kuwasiliana kabla ya mlio.

Wapo wanaouchukulia mvumo mkali kuwa dalili ya mionzi ya hatari. Simu ya 3G nayo hurusha mawimbi, ila kwa mfululizo, na sabufa hukaa karibu kimya. Mvumo unaonyesha mapigo, haupimi madhara. Umbali nao una sehemu yake: karibu na mnara, mtandao huiamuru simu ipunguze nguvu, na mbali nao simu huweza kupanda hadi wati 2. Kitochi kile kile kinaweza kuvuma zaidi kijijini kuliko mjini.

Hoja nzito zaidi ni kwamba watu wahamie 4G ili kuondokana na mvumo. Sikubaliani nayo. Kitochi ni cha bei nafuu na chaji yake hudumu siku kadhaa, jambo kubwa mahali ambapo kuchaji ni kwa kulipia. Wajibu ni wa mtengenezaji wa sabufa. Kiwango cha kimataifa cha CISPR 35 kinahusu uwezo wa vifaa vya sauti na picha kuhimili mawimbi ya aina hii, na tiba ya mvumo ni ya gharama ndogo: kapasita ya makumi machache ya pikofaradi kwenye njia ya kuingilia sauti, na waya mfupi. Hata sabufa iliyokwisha kununuliwa inaweza kutibiwa. Fundi aichomelee kapasita kwenye mguu wenyewe wa IC ya amplifaya, kwani akiiweka mbali, kipande kinachobaki katikati kitakuwa antena tena.