Hesabu za Raymond na Shamba la Donald: Uhakiki wa Filamu "Rain Man"

Filamu ya Rain Man, iliyoongozwa na Barry Levinson, ilitolewa Marekani mwaka 1988, nayo mwaka uliofuata ikapata tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya filamu bora na ya mwigizaji bora, aliyopewa Dustin Hoffman. Miaka mingi imepita, wala bado haijatokea filamu nyingine inayotajwa upesi hivyo watu wazungumzapo habari za usonji. Hatuihakiki hapa kwa ajili ya ufundi wake wa picha, ambao wengine wamekwisha kuusifu. Twaihakiki kwa kuwa imekuwa kama katekisimu isiyo rasmi. Imewafundisha watu wengi, na wachungaji miongoni mwao, mtu mwenye usonji ni nani na apokewe kwa masharti gani.

Kisa chenyewe chajulikana. Charlie Babbitt, mfanyabiashara wa magari ya fahari, afiwa na baba waliyekosana, naye arithi gari kuukuu la mwaka 1949 na miti ya waridi. Dola milioni 3 zaenda kwa kaka ambaye hakupata kujua kwamba yuko, Raymond, anayetunzwa katika taasisi huko Cincinnati. Charlie amchukua kaka huyo kwa nia ya kujipatia nusu ya fedha, na kwa kuwa Raymond akataa kupanda ndege, wasafiri kwa gari hadi Los Angeles.

Katika safari hiyo twaonyeshwa mambo ya aina mbili ambayo watazamaji wengi huyachanganya. Kwanza ni vipawa vya ajabu. Vijiti vya kuchokolea meno vyamwagika sakafuni, naye Raymond atambua mara moja kwamba ni 246. Huko Las Vegas akumbuka karata zilizokwisha kutoka, na ndugu hao wajaza mifuko. Pili ni mambo anayoyapenda kwa nguvu na kuyashika bila kuchoka: kipindi cha mahakama cha jaji Wapner katika televisheni, takwimu za mchezo wa besiboli, na mazungumzo ya wachekeshaji Abbott na Costello anayoyakariri neno kwa neno. Vipawa vya namna ya kwanza ni vya wachache. Mtaalamu Bernard Rimland, aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alikadiria mwaka 1978, kwa taarifa za wazazi, kwamba hupatikana kwa karibu mmoja katika kumi. Tena Kim Peek (1951–2009), ambaye kukutana naye mwaka 1984 kulimpa mwandishi Barry Morrow wazo la filamu, kumbukumbu yake ilistaajabisha kweli, lakini hakuwa na usonji; ubongo wake ulikosa kiungo kinachounganisha pande zake mbili. Mapenzi ya namna ya pili, kinyume chake, ni ya kawaida sana kwa watu wenye usonji, hata yamo miongoni mwa dalili ambazo waganga huzitumia kuutambua.

Hatuna budi kuwa waadilifu. Filamu hii ilitoka wakati ambapo fundisho la Bruno Bettelheim, aliyewatwika wazazi, na mama hasa, lawama ya usonji wa watoto wao katika kitabu chake cha mwaka 1967, lilikuwa lingali likiwaumiza wengi. Filamu haimlaumu mama yeyote. Na ina onyesho moja ambalo hatujui kama wahubiri wameliangalia vya kutosha. Charlie afungua maji ya moto bafuni, Raymond ashikwa na hofu kuu, na hapo ndipo mdogo agundua kwamba yule "Rain Man" wa utoto wake, aliyekuwa akimwimbia, ni kaka huyu, naye aliondolewa nyumbani kwa sababu waliogopa asije akamdhuru mtoto. Yafaa kuangalia mpangilio: onyesho hili latangulia lile la karata. Katika filamu yenyewe undugu waja kwanza, na faida yaja baadaye. Watazamaji ndio waliogeuza. Waliobaki na kumbukumbu ya bafu ni wachache. Karata zakumbukwa na wote.

Kwa lugha yetu sisi Walutheri, kosa hili lina jina. Ni kuhesabiwa haki kwa matendo. Raymond apendwa kwa kuwa aweza kuhesabu, na mzazi aambiwa na jirani mwenye nia njema, "Usihuzunike, wote hao huwa na kipaji fulani." Je, asipokuwa nacho? Mtoto asiyesema neno na asiyehesabu vijiti aachwa nje ya faraja hiyo, na mama yake pamoja naye.

Hata hivyo filamu nayo ina hatia yake. Mapenzi ya Raymond huyatumia kutuchekesha, isipokuwa mara chache. Mojawapo ni pale saa ya Wapner inapokaribia wakiwa njiani, na mama mmoja wa shamba awafungulia mlango ili Raymond akae pamoja na watoto mbele ya televisheni yake. Tungalipenda kukaa zaidi katika nyumba ile.

Twasema hivyo kwa sababu twajua shamba jingine, la kweli. Leo Kanner wa Baltimore, katika makala yake ya mwaka 1943 yenye habari za watoto 11, alimweka wa kwanza Donald Triplett wa mji wa Forest, Mississippi. Kwa wanafunzi wa theolojia habari moja yapasa kuwasimamisha: angali mdogo wa miaka miwili hivi Donald alikuwa amejifunza kwa moyo Zaburi ya 23 na maswali na majibu 25 ya Katekisimu ya Kipresbiteri, lakini wazazi hawakuweza kuzungumza naye. Baadaye alikaa kwa mume na mke wakulima wasio na mtoto. Kanner aliwatembelea mwaka 1945, akaeleza tena habari zao mwaka 1971. Donald alipozidi kupenda kupima, walimpa kazi ya kuchimba kisima na kutoa taarifa ya kina chake. Alipokusanya ndege na wadudu waliokufa, walimtengea mahali pa makaburi, akaweka alama yenye jina juu ya kila kaburi. Alipohesabu mistari ya mahindi tena na tena, walimwacha aihesabu huku akiilima kwa plau na farasi.

Wakulima hao hawakuwa wataalamu, wala hawakumwonyesha Donald kwa wageni kama maajabu. Hawakujaribu pia kumng'oa katika yale aliyoyapenda. Mafundisho ya Luther juu ya wito, kwamba Mungu humtumikia jirani kwa mikono ya mkulima na mshona viatu, twayafundisha darasani kila mwaka. Mfano ulio wazi kuliko mistari ile ya mahindi hatujauona.

Luther huyo huyo, tusifiche, alinena vibaya. Katika Mazungumzo ya Mezani yasimuliwa habari ya mtoto wa miaka 12 hivi huko Dessau, ambaye Luther alimwona kuwa pande la nyama lisilo na roho, akawashauri wakuu wa Anhalt wamtupe mtoni. Wakuu wale walikataa. Waandishi wengine wa siku hizi wamedhani mtoto yule alikuwa na usonji; jambo hilo haliwezi kuthibitishwa, wala hukumu ile haihitaji uthibitisho wa ugonjwa ili ituaibishe.

Wala aibu si ya karne ya 16 peke yake. Katika usharika mmoja alikuwako kijana aliyejua kwa moyo namba ya kila wimbo katika kitabu cha Mwimbieni Bwana. Siku ya mavuno alisimamishwa mbele ya wageni, akaulizwa namba, watu wakapiga makofi. Miezi michache baadaye baraza la wazee lilimnyima Kipaimara kwa kuwa hakuweza kueleza sehemu za Katekisimu Ndogo kwa maneno yake mwenyewe. Nasi tulikuwamo katika baraza hilo, wala hatukufungua kinywa. Hakuna aliyeuliza nyimbo zile zilikuwa nini kwake, au kama angeweza kuwa ndiye abandikaye namba ubaoni kila Jumapili.

Filamu yaishia kwenye treni. Daktari amwuliza Raymond kama ataka kukaa na mdogo wake au kurudi kwenye taasisi, naye akubali yote mawili. Kwa hiyo arudishwa. Mwisho huu ni wa kweli kwa namna yake, maana wako wanaohitaji matunzo ya namna hiyo maisha yao yote, wala Donald, aliyezaliwa katika jamaa yenye benki, asifanywe kipimo kipya cha kuwahukumu. Lakini mwandishi wa filamu hakuweza kuwaza jirani wa tatu, kati ya ndugu na taasisi. Wakufunzi wanaoionyesha filamu hii katika somo la uchungaji twawashauri waisome pamoja na taarifa ile ya Kanner ya mwaka 1971. Humo Donald, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, aonekana ni karani wa benki, mpenda gofu, na katibu wa Shule ya Jumapili katika kanisa la kwao.