Vuli Imefika Thika kwa Mtumba

Ukifungua Instagram wikendi yoyote ya Oktoba, utaambiwa kwamba Thika kuna vuli. Si ile ya mvua. Ni ile ya makoti marefu ya rangi ya ngamia, skafu, buti za kufika magotini, kikombe kinachofuka moshi, na maneno mawili matatu ya Kiingereza kuhusu majani yanayoanguka. Nyuma ya picha, jua la Thika linawaka vile huwaka Oktoba, na ukikaza macho utaona jasho kwenye paji la uso la huyo dada. Hayo majani yaliyolala chini ni maua ya jakaranda. Yalikuwa ya zambarau kabla filta haijayafanya kahawia.

Nimeifuata hii vuli wikendi kadhaa, kutoka Section 9 hadi Ruiru, nikila, nikinywa na kujaribu nguo, na sasa nina maoni. Sikuenda kucheka mtu. Koti ninalo mimi pia.

Tuanze na neno lenyewe. Vuli kwa Kiswahili ni mvua fupi, zile za kuanzia Oktoba hadi Desemba. Watafsiri walipohitaji neno la msimu wa Ulaya ambapo miti hupukutisha majani, wengi walichukua hilohilo, na tangu hapo neno moja linabeba mizigo miwili isiyofanana. Kwao miti inavua. Kwetu ardhi inavaa. Kwa Kikuyu mvua hizo ni mbura ya mwere, mvua ya mawele, yaani msimu unaitwa kwa kile kinachopandwa. Baridi yetu huja mapema, Juni hadi Agosti: kipupwe ukipenda Kiswahili sanifu, gathano ukiwa nyumbani kwa shosho. Hapo ndipo Thika huamka na ukungu, na mtu husimama stejini akiwa amekunja mikono kwapani. Kama kuna wakati wa koti na supu ya moto, ni huo. Lakini Julai haina heshitegi. Kwa hivyo tunavaa koti Oktoba, kwa sababu London wanavaa koti Oktoba.

Hadi hapo ni kichekesho tu, na kila mtu ana haki ya kujipamba. Kinachonivutia ni hilo koti.

Nenda soko la Jamhuri asubuhi mtumba unapofunguliwa. Wanaojua hufika mapema kuchukua kamera, yaani chaguo la kwanza, nguo ambazo bado zina mng'aro. Zinazobaki hushuka bei kila saa, hadi jioni zinaitwa fagia na unazinunua kama nyanya zilizobonyea. Koti nililolipenda nilikuta duka moja la ghorofani, si mbali na hapo, chini ya bango lililoandikwa kwamba nguo zote ni za vinteji. Bei, shilingi elfu mbili mia nane. Sokoni chini nimewahi kupata la aina hiyo kwa mia tatu. Nikamuuliza muuzaji tofauti ni nini, akanijibu bila kukasirika, "Mrembo, kule unanunua nguo. Hapa unanunua jicho langu."

Jibu zuri, na kwa kiasi kikubwa ni la kweli. Yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja, anayejua mshono wa mkono na wa mashine, anayefua, anayepiga pasi, anayeona koti ndani ya rundo la mapajama. Hiyo ni kazi ya mhakiki. Watu wanaosema maduka haya ni mtumba uliopakwa poda hawajawahi kuchambua robota. Kasoro yangu ni kwingine. Ndani ya koti, chini ya lebo ya Marks & Spencer, kulikuwa na kikaratasi cha dobi bado kimebanwa kwa pini, na namba ya kalamu. Kuna mtu aliyeishi ndani ya hili koti miaka kadhaa ya vuli halisi, akalipeleka kwa dobi, akachoka nalo, akalitoa. Vuli yetu si ya kuigiza kabisa, basi. Ni vuli ya kweli, ila imekwisha kutumika.

Sasa weka hiyo kando ya hii: Thika ni mji wa nguo. Kiwanda cha Thika Cloth Mills kipo tangu 1958. Mji huu ulikuwa na viwanda vingi kiasi kwamba watu waliuita Birmingham ya Kenya, na asubuhi king'ora ndicho kilichokuwa saa ya mtaa. Halafu ikaja miaka ya 1990, soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vya nguo nchini vikaanza kuanguka. KICOMI ya Kisumu ni mfano ambao wazee bado huutaja kwa uchungu. Sisemi mitumba peke yake iliua. Mashine zilikuwa kuukuu, pamba ilikuwa na matatizo yake, na usimamizi tunaujua. Lakini katika maduka manne ya vinteji niliyopitia Thika na Ruiru, sikukuta kipande kimoja cha kitambaa kilichofumwa hapa. Hakuna hata dasti koti, ile ya bluu ya wafanyakazi wa viwandani. Ufaransa koti la bluu la kibarua sasa linauzwa ghali kama nguo ya mtindo, na vijana wa Paris na Tokyo wanaligombania. La kwetu liko kwenye msumari nyuma ya mlango wa fundi, lina mafuta ya grisi, na hakuna aliyeona kwamba ni zuri. Mabega yake yamekatwa vizuri kuliko koti langu. Nimepima.

Haya, twende kwenye vinywaji, maana ndio wengi wenu mlikuja kusoma.

Kokteli za wikendi Thika zimeboreka sana, na nasema hivi nikikumbuka miaka ambayo kokteli ilikuwa Kenya Cane na soda ndani ya glasi yenye mwavuli. Siku hizi kuna vijana nyuma ya kaunta wanaojua kukamua ndimu na kupima kwa jigo. Tatizo lao ni menyu, ambayo mara nyingi imeandikwa na mtu anayeota akiwa nchi nyingine. Mkahawa mmoja ulinipa kitu cha vuli: wiski, sharubati ya tofaa ya chupa, mdalasini juu. Shilingi mia nane na hamsini. Kilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi ya mtoto. Na kutoka kwenye meza yangu ningeweza kuona mama akiuza mananasi kwa mkokoteni. Thika! Mji uliozungukwa na mananasi, mashamba ya Del Monte yanaenda hadi macho yanachoka, na mimi nakunywa tofaa la chupa.

Malenge nayo ni kisa chake. Tangu Starbucks ianze kuuza ile latte yake ya malenge mwaka 2003, ladha hiyo imekuwa bendera ya vuli duniani, na sasa imefika kwetu. Nionje nini? Mdalasini, tangawizi, karafuu, kungumanga. Hiyo ni chai ya masala iliyovaa skafu. Karafuu imetoka visiwani kwetu ikazunguka dunia ikarudi na jina la kigeni, na tunailipia nauli. Malenge yenyewe huku huchemshwa na kuliwa asubuhi na chai, na majani yake, kahurura, huingia kwenye mukimo. Mpishi mwenye akili angeanzia hapo.

Na wapo wenye akili. Ukitaka kujua kokteli ya huku inaweza kuwa nini, kumbuka dawa: vodka, asali, ndimu, barafu na kijiti cha kukorogea. Imehusishwa kwa miaka na Carnivore ya Nairobi, na wazo lake lilitoka kwa kinywaji cha Brazili. Mtu alichukua cha kwao, akatia asali yetu, akakipa jina la Kiswahili, na leo mgeni akishuka ndege anakiulizia. Hivyo ndivyo kuiga kunavyozaa. Ruiru kuna kijana ambaye nilimwona akichoma nanasi kwenye makaa, akalisaga na pilipili kidogo na ndimu. Hakulipa jina la msimu wowote. Niliagiza la pili, kisha nikahesabu nauli ya kurudi, nikaacha la tatu.

Kuhusu vyumba vyenyewe nina neno gumu zaidi. Mtindo wa kizamani wa mikahawa yetu umekuwa kama sare: sanduku la ngozi juu ya rafu, taa ya chemni isiyo na mafuta, miguu ya cherehani ya Singer chini ya meza, na ukutani picha nyeusi na nyeupe. Ziangalie hizo picha siku moja kabla chakula hakijaja. Mzungu juu ya farasi. Mama wa Kizungu na kofia pana. Gari la zamani kwenye matope. Ukitafuta Mwafrika, yuko pembeni amebeba kitu.

Najua zinakotoka. Jina la Thika lilisafiri duniani kupitia kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, cha 1959, na baadaye mfululizo wa televisheni wa 1981 wa huko Uingereza. Ni kumbukumbu za mtoto wa masetla, na ameandika vizuri, sitamnyima. Lakini utoto wake ulikuwa shambani kwa watu wengine, na tukipamba mkahawa wetu kwa huzuni yake tamu, tunajikalia sebuleni kwetu kama wageni. Kumbukumbu hiyo haikuwa na kiti chetu. Nikiwa meza moja Section 9, rafiki yangu aliinua macho akauliza, "Hawa ni kina nani kwa huyu mwenye hoteli?" Tukamuita mhudumu. Akasema, "Hizo zilikuja na fremu."

Ndiyo maana bado napenda Blue Posts, ambayo iko tangu 1908 katikati ya maporomoko ya Chania na Thika. Ina ukoloni wake, hilo halifichiki, ila haiigizi uzee. Ni kuukuu tu. Jumamosi kuna maharusi wanne wanagombania sehemu moja ya kupiga picha, watoto wanateleza kwenye nyasi, shangazi wamevua viatu, na sauti ya maji inafunika muziki mbaya. Miaka zaidi ya mia, na watu wa Thika wameikalia hadi imekuwa yao.

Na ndiyo maana mkahawa niliouthamini zaidi safari hii uko Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hauna hata bango la maana. Ruiru ni mji ambao watu huuona kama kituo cha kupitia kwenye Thika Road, ingawa sensa ya 2019 iliukuta na karibu nusu milioni ya wakazi. Ukuta mzima wa mkahawa huo umejaa picha za studio: wasichana wa miaka ya sabini na afro na viatu vya soli nene, kijana ameshika redio ambayo huenda si yake, nyuma yao pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Viti havifanani. Supu ya mbuzi inakuja kwa kikombe cha bati, na inafaa, kwa sababu bati linashika moto.

Watu hukaa pale muda mrefu. Hilo si jambo dogo. Sijui kama wasomaji wanaume hulifikiria, lakini msichana anayetaka kukaa peke yake na kinywaji kimoja kwa saa mbili, bila mtu kumtumia chupa asiyoiomba, hana sehemu nyingi mji huu. Baa zetu hazikujengwa kwa ajili yake. Mikahawa hii ya taa za manjano na matakia, pamoja na vuli yake ya uongo, ndiyo iliyompa kiti. Na tangu Juni 2024, baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha na vijana waliozikwa, miezi ile ya baridi imekuwa na uzito mwingine. Mwaka uliofuata, Juni na Julai, niliona meza za watu sita wakinywa chai bila kusema mengi, simu zimefunikwa. Waliotucheka kwamba tunakimbilia maisha laini hawakuwa kwenye hizo meza.

Kwa hivyo sitaki zifungwe. Nataka zipambwe vizuri zaidi, na bei ya tofaa la chupa ishuke.

Kule Ruiru, nikilipa, nilimuuliza mhudumu juu ya picha moja: mwanamke mchanga, dasti koti ya bluu imefungwa vifungo vyote, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayejua kabisa kwamba imemkaa.

"Huyo ni mama ya bosi, madam. Alikuwa kiwandani Thika. Alienda kupiga picha siku ya mshahara, hakutaka kubadilisha nguo."

Nikauliza kama ile koti bado iko.

"Anaivaa akilisha kuku."